Deni la Mwindaji

Twaanza kwa kuwaomba radhi wasomaji wetu, maana habari tutakayoisimulia yahusu bunduki, wala si desturi ya mwalimu kuandika habari za bunduki katika gazeti la Kanisa. Lakini yako mambo ambayo mtu hafundishwi darasani, wala hayasikii mimbarini, ila huyakuta porini. Sisi tuliyakuta katika msitu wa Minnesota, kaskazini ya Marekani, mwezi wa Novemba mwaka 2017. Nayo yalitukumbusha somo ambalo tulikuwa tumelikwepa muda wa miaka 48.

Mwaka ule usharika wetu ulituma watu watatu kwenda kuwatembelea ndugu wa usharika rafiki. Tulifikia kwa mzee mmoja mwenye umri wa miaka 81, mgane, ambaye kazi yake ya zamani ilikuwa useremala. Siku ya pili alituongoza mpaka chumba kilichochimbwa chini ya nyumba yake, akafungua kabati la chuma lenye kufuli nene. Ndani zilisimama bunduki sita za kale, zimepangwa kama watoto wa shule katika mstari. Tulipoziona tulirudi nyuma hatua moja. Mzee alituona, lakini hakuuliza neno.

Akaitoa moja moja. Na kila aliyoitoa, kwanza aliuelekeza mdomo wake chini, akaufungua mtambo, akachungulia ndani, kisha akatia kidole apapase pahali pa risasi, ndipo aliposema habari zake. Alipofika ya nne tulimwuliza, "Mzee, je, si wewe mwenyewe uliyeziweka humu tupu?" Akajibu, "Ndimi, Mwalimu. Lakini bunduki haijui kwamba mimi ni mtu mwaminifu."

Bunduki hizo zote zilikuwa za namna moja, nayo ni bunduki ya wenzo. Kwa wale wasiopata kuiona, twaeleza hivi. Chini ya kitako, mahali vidole vinaposhika, pana chuma kilichopindwa kama pete ndefu. Mpigaji akisha kupiga, hukisukuma chuma hicho mbele na kukirudisha. Kwa tendo hilo moja ganda tupu huruka nje, nyundo hujikamata nyuma, na risasi mpya hupanda na kuingia mahali pake. Wazee wetu waliokuwa na gobori watastaajabu. Maana mwenye gobori humimina baruti kwa mdomo wa bunduki, hutia tambara, hushindilia kwa mdeki, hutia risasi, hushindilia tena, kisha huweka fataki. Mwenye kazi hiyo akipiga na kukosa, mnyama huwa ameshavuka mto wa pili.

Mzee alitueleza asili yake. Mtu mmoja jina lake Benjamin Tyler Henry alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1860, kwa bunduki ya kuchukua risasi 16 katika bomba lililo chini ya mtutu. Bwana wake katika kazi alikuwa Oliver Winchester wa mji wa New Haven, ambaye hapo kwanza alikuwa mtengenezaji wa mashati. Bunduki ya Henry ilikuwa na aibu moja: bomba lake lilikuwa na ufa mrefu, na mchanga uliingia humo. Mwaka 1866 ikatoka nyingine, yenye mlango mdogo ubavuni wa kutilia risasi, na ubavu wake ni wa madini ya rangi ya shaba ya njano. Ikafuata ya mwaka 1873, yenye ubavu wa chuma. Nayo ilitengenezwa zaidi ya 700,000. Kisha akaja fundi aliyewapita wote, John Moses Browning, aliyezaliwa katika mji wa Ogden mwaka 1855. Yeye ndiye aliyebuni bunduki ya mwaka 1894, ambayo wawindaji wa ayala wa Marekani waliipenda kuliko zote. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 7, hata kiwanda cha New Haven kilipofungwa mwaka 2006. Siku hizi hutengenezwa Japani kwa jina lile lile.

Nasi kwa kuwa ni mwalimu, tulipenda kujua sababu ya kila kitu. Tukauliza kwa nini risasi za bunduki hizi zina pua bapa, na si pua kali kama za askari. Akatuonyesha kwamba ndani ya bomba risasi hulala zikifuatana, pua ya moja ikigusa kisogo cha mwenzake, na katika kisogo ndipo palipo fataki. Pua ikiwa kali, bunduki ikitikisika kwa kishindo, risasi moja yaweza kuiwasha nyingine, na bomba lote likapasuka mkononi mwa mtu. Basi ubapa ule ni adabu iliyowekwa ili walio karibu wasidhuriane. Tuliliweka neno hilo moyoni.

Huenda msomaji akauliza: mtu mmoja ana haja gani na bunduki sita, tena kuukuu? Sisi nasi tuliuliza. Mzee alisema kwamba wakusanyaji wa vitu hivi ni kama wenye kutunza vitabu vya zamani. Kila bunduki ina nambari yake, na katika mji wa Cody, jimbo la Wyoming, lipo jumba la makumbusho linalohifadhi madaftari ya kiwanda. Kwa bunduki nyingi za kale mtu akipeleka nambari aweza kuandikiwa siku ilipotoka ghalani. Tena ni mwiko kwao kuisugua bunduki ya kale ing'ae kama mpya. Kovu la kitako na weupe wa chuma mahali mkono wa mtu uliposhika miaka mingi, hivyo ndivyo ushuhuda wake; akivifuta mtu, ameifanya kuwa bubu, na bei yake yashuka. Hata zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1964 hutafutwa zaidi, kwa sababu mwaka ule kiwanda kilianza kupunguza gharama, na wajuzi wakaona kazi imeharibika.

Alitusimulia pia habari ya bunduki moja ya mwaka 1873 iliyoonekana katika hifadhi ya Great Basin, jimbo la Nevada, mwezi wa Novemba mwaka 2014. Ilikuwa imeegemezwa kwenye mti, kitako chake kimezama udongoni, mbao zake zimekauka na kupasuka. Nambari yake ilionyesha kuwa ilitoka kiwandani mwaka 1882. Nani aliiegemeza pale, na kwa nini hakurudi kuichukua, hapana ajuaye. Tuliposikia hayo tuliona ubaridi mwilini, maana sisi nasi tulikuwa na bunduki tuliyoiegemeza mahali na kuiacha, ingawa hapakuwa na mtu ajuaye.

Lakini kitu tulichokistahi kuliko bunduki zenyewe ni daftari. Kwa kila bunduki Mzee alikuwa ameandika nambari, mwaka, majina ya waliokuwa nayo kabla yake, na kila mnyama aliyemwua kwayo. Tena aliandika na makosa. Tuliona mahali pameandikwa ya kwamba mwaka 1962 alimjeruhi ayala jike, akamtafuta siku mbili, asimpate. Tukamwambia, "Neno hili ungaliweza kuliacha." Akasema, "Ningaliliacha, daftari lote lingekuwa uongo."

Wala hakutuficha kwamba bunduki hizi zimetenda mabaya na mema. Mwezi wa Juni mwaka 1876, Walakota na Wacheyenne walipigana na askari wa Custer kando ya mto Little Bighorn. Baadhi yao walikuwa na bunduki za Henry na za Winchester, hali askari wenyewe walikuwa na bunduki za risasi moja moja, na Custer akafa pale. Lakini ushindi ule haukuwaokoa watu wale wasinyang'anywe nchi yao. Na wanyama nao waliuawa pasipo kiasi, hata mwisho wa karne ile ayala walikuwa wameadimika katika majimbo mengi. Ndipo watu walipotubu kidogo. Mwaka 1900 ilitungwa sheria ya kuzuia biashara ya wanyama waliouawa kinyume cha sheria kupelekwa toka jimbo hata jimbo, na mwaka 1937 ikatungwa nyingine, kwamba kodi ya bunduki na risasi itumiwe kurudisha wanyama porini. Leo ayala ni wengi tena.

Na sisi wa Afrika ya Mashariki hatuko mbali na habari hizi. Theodore Roosevelt, alipokwisha kuwa Rais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1909 pamoja na mwanawe Kermit, naye alichukua bunduki ya wenzo ya mwaka 1895, akaipiga simba kwayo. Kwa hesabu yake mwenyewe, yeye na mwanawe waliua wanyama 512, na wengi wakapelekwa makumbusho ya Washington. Lakini baba zetu hawakuzipata bunduki za namna hiyo ila kwa nadra. Katika mapatano ya Brussels ya mwaka 1890, mataifa makubwa yalikatazana kuingiza bunduki bora katika sehemu kubwa ya Afrika, yakaacha mlango kwa gobori na baruti ya kawaida. Ndiyo sababu moja kwa nini vijijini kwetu gobori liliishi muda mrefu hivi, hata likafika nyumbani mwa baba yetu.

Sasa yatupasa kusema jambo ambalo kwa ajili yake tumeshika kalamu.

Jioni ile Mzee alitunyoshea bunduki moja tuishike, nasi tukakataa. Sababu hatukumwambia, lakini ni hii. Mwaka 1969 tulikuwa na umri wa miaka 11, na mdogo wetu miaka 7. Baba alikuwa na gobori la kulindia shamba, maana nguruwe walikuwa wakila mihogo yetu. Alilitundika juu ya mlango, akatukataza kuligusa. Siku moja baba na mama walikwenda sokoni, nasi tukapanda kinu tukalishusha, tupate kumwonyesha mdogo wetu jinsi baba afanyavyo. Yeye aliomba alishike, akaweka mkono wake mdogo juu ya kitako, akainama kutazama mtambo. Tulidhani ni tupu. Tukavuta.

Mdomo wa bunduki ulielekea ukuta, wala risasi haikumpata mtu. Lakini fataki ilipasuka, na kipande chake pamoja na moto wa baruti vikamwingia mdogo wetu katika jicho la kuume. Baba aliporudi aliuliza, "Nani ameligusa?" Nasi tukajibu upesi, kabla mtoto hajaweza kunena kwa maumivu, "Yeye. Alilishusha mwenyewe." Na mdogo wetu, kwa kuwa mkono wake ulikuwa juu ya kitako kweli, alilisikia neno lile akaliamini.

Jicho halikupona. Baba alilivunja gobori kwa shoka, akakizika chuma chake. Mdogo wetu alipelekwa shule mwaka mmoja tu, kisha akaambiwa achunge mbuzi, kwa kuwa mtoto aliyejitia upofu kwa utundu, walisema, hafai kugharimiwa. Sisi tulisoma, tukawa mwalimu. Baba alikufa mwaka 1994 pasipo kujua. Mara ngapi tumewafundisha watoto amri isemayo juu ya ushahidi wa uongo! Na kila mara tuliifundisha mbiombio, kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya mdai wake.

Basi, siku ya kwanza ya kuwinda ikafika, nasi tukaenda pamoja na Mzee, si kupiga, bali kutazama. Tulivaa vizibao vya rangi ya machungwa, kama sheria itakavyo, ili mwindaji mwingine asije akatudhania kuwa mnyama. Mzee alichukua bunduki ya mwaka 1894, iliyotengenezwa mwaka 1926, ambao ndio mwaka aliokufa Browning. Theluji nyembamba ilikuwa imeanguka. Tuliketi chini ya misonobari tangu alfajiri, tusiseme neno. Wakapita ayala majike watatu, asiwapige.

Jua lilipokuwa limeteremka sana, akatokea dume. Ayala wa huko hutwekua mkia wake akiogopa, na chini yake ni mweupe kama leso. Mzee alimngoja hata akawa hatua themanini, maana alisema macho yake na bunduki yake vyote ni vya kale, wala havistahili kujaribiwa zaidi ya hatua mia. Akapiga. Mnyama akaruka juu, akakimbia. Mzee aliusukuma wenzo, risasi ya pili ikapanda, lakini hakupiga tena kwa sababu ya miti. Akairudisha nyundo pole pole mahali pake pa salama, akatazama saa, akasema, "Tungoje nusu saa. Akifuatwa sasa, atakimbia mbali kwa hofu."

Nusu saa ilipokwisha tukaenda mahali pale. Damu ilikuwa nyeusi. Uso wa Mzee ukabadilika. Akasema, "Nimempiga nyuma mno. Hatakufa upesi." Tukafuata nyayo mpaka jua likatua, na saa za kupiga zilizoruhusiwa zikapita. Hapo alirudi garini, akazitoa risasi zote, akaifungia bunduki ndani, akachukua taa mbili. Tukaingia tena msituni na taa tu.

Tulifika kijito, na damu ikakoma. Baridi ilikuwa inauma kama siafu. Tulimwona Mzee amejishika kiuno, pumzi zake fupi, nasi tukamsihi, "Baba, turudi. Asubuhi vijana watakuja kumtafuta." Akatuangalia katika mwanga wa taa, akasema, "Mwalimu, vijana hawakuvuta. Mimi ndimi niliyevuta. Avutaye ndiye afuataye." Akavuka kijito. Nasi tukasimama upande huu wa maji kitambo, hatuwezi kuinua mguu. Si kwa baridi.

Tulimkuta saa tatu usiku, amelala chini ya mti, amekwisha kufa. Mzee alivua kofia yake, akapiga magoti katika theluji, akaweka mkono juu ya shingo ya mnyama, akasema maneno machache tu: "Nimechelewa, lakini nimekuja." Kisha akafunga kibali chake juu ya pembe, akatoa kisu, akaanza kazi. Nyama yake alimgawia jirani mmoja mwenye watoto wengi, na sehemu akaiweka kwa karamu ya usharika. Lakini usiku ule ule, kabla ya kulala, alifungua daftari akaandika ya kwamba amelenga vibaya.

Tulipomwona akiandika, tulimweleza habari yote ya gobori, tangu mwanzo hata mwisho. Hakutufariji, wala hakutulaumu. Aliuliza neno moja: "Mdogo wako yu hai?" Tukajibu, "Yu hai." Akasema, "Basi nyayo bado hazijafutika."

Tulirudi nchini mwezi wa Desemba. Siku ya tatu tulikwenda kwa mdogo wetu, tukamkuta anakata majani ya ng'ombe. Tuliketi naye juu ya gogo, tukasema, "Ndugu yetu, tumechelewa, lakini tumekuja." Tukamwambia yote: ni nani aliyelishusha gobori, ni nani aliyevuta, ni nani aliyesema uongo.

Hakulia, wala hakukasirika kwa sauti. Aliuliza, "Baba alijua?" Tukasema, "Hakujua." Akanyamaza sana, kisha akasema, "Baba alikuwa akinitazama kama mtoto mpumbavu mpaka siku aliyokufa. Na mimi nilikuwa nikijitazama vivyo hivyo." Akauchukua mundu wake, akaenda zake bondeni. Tuliketi pale mpaka jioni, naye hakurudi. Mkewe alitupa uji, asiulize kitu.

Wasomaji wapendwa, tungependa kuwaambia kwamba alitusamehe siku ile, lakini tungeiandika hadithi, si kweli. Miezi mitatu hakufika kwetu. Tulimwendea kila Jumapili baada ya ibada, naye alitukaribisha kwa maneno machache. Tuliita wazee wa ukoo, tukarudia habari mbele yao, ili jina lake lisafishwe mahali lilipotiwa doa. Jambo hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza, maana wako waliotucheka, mwalimu wa miaka mingi. Siku ya Pasaka mwaka 2018 tuliona mtu ameingia kanisani akiwa amechelewa, akapita viti vitupu vilivyokuwa nyuma, akaja akaketi benchi moja nasi. Alikuwa yeye. Hakusema neno, ila wakati wa kuimba alitusogezea kitabu, kwa kuwa yeye hasomi vema, tumwonyeshe mstari. Tangu siku ile tunasoma naye jioni mbili kila juma, na sasa husoma Injili mwenyewe kwa jicho lake moja.

Mzee alikufa mwaka 2021. Bunduki zake zilikwenda kwa mjukuu wake wa kike, pamoja na daftari. Sisi hatuna bunduki wala hatuitamani. Lakini twawaambia vijana wetu wenye ndugu walioumizwa na ulimi wao au mkono wao: usiseme kwamba muda umepita, wala usiwaachie wengine kazi ya kufuata. Maadamu yule uliyemjeruhi yu hai, ondoka leo, uvuke kijito.